Ruta Ndani ya Kizimba

Jumapili, 8 Juni 2025

Ruta ya intaneti imefika! Ansbert kaileta mwenyewe kutoka mjini, kaikumbatia kwenye bodaboda njia nzima. Mwinjuma, jirani yetu anayechonga vinyago Mwenge, ndiye aliyepanda juu ya bati kufunga antena, maana huku kwetu Chamazi bondeni mtandao wa simu unasuasua mpaka utokee barabarani. Saa kumi taa zote kijani. Ansbert akaweka app ya kusimamia ruta kwenye simu yake, hata akiwa kazini, akatunga paswedi, akavimba kichwa. Mume wangu anaendesha winchi kwenye yadi ya makontena Kurasini. Anapenda kulinda vitu kuliko hata kula.

Simu yake ikakamata. Yangu ikakamata. Nikafungua laptop — ikakamata na yenyewe! Nikapakua mihadhara miwili. Halafu ikatoka. Tangu hapo inasema tu haiwezi kuunganishwa na mtandao huu.

Ni zee, najua. Niliinunua mtumba Kariakoo miaka sita iliyopita, ilitoka Ulaya, na mpaka leo ukiiwasha inamkaribisha mmiliki wake wa kwanza, Gerrit. Fundi wa Kariakoo alisema jina tusiliguse, programu zitagoma. Basi kila siku inamsalimia Gerrit, naitikia mie.

Mtihani Jumamosi saa tisa alasiri. Karatasi ya mwisho ya digrii. Lazima nifanyie kwenye laptop hii hii iliyosajiliwa chuoni, peke yangu chumbani, kamera ikinikodolea. Mwaka jana mtandao ulikatika katikati nikapewa sifuri. Nikikosa tena usajili unafutwa, miaka sita inakwenda na maji. Nimechoka hata sijaanza.

Jumatatu, 9 Juni

Nimezima, nimewasha. Nimesahaulisha mtandao, nimeingiza paswedi upya. Nimeihamishia laptop mezani, kitandani, jikoni karibu na ndoo. Hakuna. Simu zote mbili zinapeta tu.

Shule zimefungwa, sifundishi, nilijua wiki hii itakuwa ya kusoma. Nimesoma ujumbe mmoja tu, ule ule.

Jioni Ansbert karudi, kaketi na simu yake, anakagua ruta. Kasema kuna mtu ameingia kwenye mtandao wetu jana ile ile! Kifaa asichokijua. Kashamtoa hiyo hiyo jana. Nikamwambia vizuri, mtoe, asije akanimalizia bando la mtihani. Kafurahi. Kaniahidi atakuwa anamwangalia kila siku.

Jumanne, 10 Juni

Brightson amekuja, fundi kompyuta wa Mbagala. Shikamoo mama, shikamoo mama, huku anakohoa vumbi la keyboard yangu. Kijana mpole. Kachukua pini, kaitia kwenye kitundu cha nyuma ya ruta, kahesabu mpaka thelathini. Ruta ikaanza maisha upya. Laptop ikakamata papo hapo!

Nimemkaangia mayai kwa furaha. Nimesoma saa tatu mfululizo, nadharia za ujifunzaji, sura mbili kamili. Nilikuwaga mtu wa furaha, nimekumbuka leo.

Saa moja jioni Ansbert karudi, kaweka paswedi yake upya, nami nikaiingiza, ikakamata. Saa moja na nusu laptop ikatoka.

Nimelia kidogo bafuni. Ansbert hakunisikia, alikuwa sebuleni anafoka. Eti yule mwizi karudi, tena leo leo! Fundi wangu kafungua mlango na watu wakajipenyeza. Anadhani katokea kwa Mwinjuma, eti ni mzungu, na yule ndiye anayepata wageni wa Kizungu, wanunuzi wa vinyago. Nikasema Mwinjuma hajaleta mgeni tangu Pasaka. Kasema atakuwa kamficha. Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikamwambia we mtoe tu.

Jumatano, 11 Juni

Brightson kwenye simu: basi mama, kadi ya waifai ya laptop inakufa, ikipata moto inazima. Ninunue kidude cha kuchomeka pembeni. Nimekwenda madukani Rangi Tatu juani, nimenunua. Nimechomeka. Imekamata!

Saa tisa na nusu, wakati wa mapumziko ya Ansbert kazini, imetoka. Nimekunja nguo.

Alhamisi, 12 Juni

Ansbert kaomba ruhusa asubuhi. Nikadhani ananihurumia. Kumbe kamleta Alfonsi wa kuchomelea, wamefunga ruta ndani ya kizimba cha nondo ukutani, sebuleni, juu ya televisheni. Kama kile cha pampu ya maji kule nje. Kufuli la shaba. Mgongo wa ruta umegeukia ukuta, kitundu cha riseti hakifikiki tena hata kwa sindano. Ufunguo mmoja, kwenye mnyororo wake wa kiunoni.

Kasema ni kwa ajili yangu. Mpaka Jumamosi hakuna fundi wala mwizi atakayeigusa. Alikuwa na jasho usoni na vumbi la nondo kwenye nywele. Nikasema asante. Ningesema nini?

Kisha Mwinjuma kaniita kwenye ukuta wa uani. Mwalimu, mzee ana nini na mie siku hizi? Nampa salamu ananipita kama nguzo. Nikamjibu ni uchovu wa kazi. Aibu imenipanda mpaka masikioni. Mtu kapanda bati la watu bure!

Ijumaa, 13 Juni

Brightson kaniazima kidude chake mwenyewe, anachotumia kazini. Kasema mama, hiki kikishindwa basi mie naacha ufundi.

Kimekamata saa sita. Saa saba kipo. Saa kumi kipo! Nimefanya jaribio la mfumo wa chuo, kamera safi, sauti safi. Mfumo ukaandika: uko tayari. Nimekaa nikiutazama huo mstari muda mrefu.

Ansbert karudi hoi, meli mbili zimeingia pamoja. Kala, kalala na viatu. Simu hakuigusa. Nimemvua viatu. Kipo bado.

Jumamosi, 14 Juni

Saa moja asubuhi. Kipo. Ansbert kaondoka, kanishika bega mlangoni, kasema leo unamaliza, Apolonia. Hajaniita jina langu tangu lini? Mara zote mwalimu, mwalimu.

Saa tano. Kipo. Nimepiga pasi blauzi ya kamera.

Saa saba na dakika arobaini. Kimetoka.

Ujumbe ule ule. Nimechomoa, nimechomeka. Brightson hapatikani. Nimekaa chini sakafuni, nikafikiria kulala tu hapo hapo mpaka kesho.

Saa nane kasoro kumi. Meseji ya Ansbert. Naiandika hapa ilivyo, maana sijaamini:

"Mwalimu nipo kwenye chakula. Yule mzungu wa Mwinjuma karudi TENA, anajiita Gerrit. Nimempiga bloku ya nne. Bando lote lako sasa. Nimekuombea. Narudi ndani, simu naiacha getini. Fanya mtihani kwa amani."

Gerrit!

Nimecheka. Peke yangu sebuleni nimecheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi. Ni mie. Mwizi ni mie! Riseti ilifuta bloku, na kila kidude kipya kiliingia kama mgeni mpya, kwa jina lile lile la laptop. Wiki nzima nimekuwa nikimwambia mtoe, mtoe, naye ananitoa mie kwa mapenzi yote.

Halafu hasira. Miaka sita nasoma kwenye mashine hii, meza ile ile, yeye kwenye kochi lile lile hatua tatu kutoka kwangu. Kila nikiiwasha jina linatokea katikati ya kioo, kubwa. Hajawahi kuja kuchungulia ninachokisoma. Hata mara moja. Anajua namba za makontena kwa kichwa.

Na mie je? Alipolalamika kuhusu kifaa asichokijua, sikumuuliza kinaitwaje. Nilichoka kumsikiliza tangu zamani, naitikia tu.

Nimempigia mara kumi na moja. Imezimwa. Nimepiga getini, mlinzi kasema aliye ndani ya yadi haitwi mpaka zamu iishe, saa kumi na mbili.

Saa nane na robo. App ipo kwenye simu yake. Paswedi ipo kichwani mwake. Pini ninayo, na nondo zimenizuia. Nimetikisa kizimba mpaka ukuta umemwaga chokaa. Alfonsi kaenda Mbezi Luis, msibani, na karakana yake ya vyuma kaifunga.

Nikatoka nje. Nikasimama kwenye ukuta wa uani. Nikamwita Mwinjuma.

Saa nane na nusu. Nimemwambia yote. Wizi, mgeni wa kizungu, salamu. Nilidhani atanigeuzia mgongo na angekuwa na haki. Kauliza tu huyo Gerrit anasomea nini. Nikasema ualimu. Kaingia kwake, katoka na patasi nene na nyundo ya mpingo.

Saa nane na dakika arobaini. Yuko juu ya stuli, sebuleni kwa mume wangu, anagonga. Mimi naandika ili mikono itulie. Kufuli limelegea, anasema bado pigo moja au mawili. Nje watu wamesimama, wanauliza kuna nini, nani anavunja nyumba ya Ansbert mchana kweupe.

Kaacha kugonga. Kageuka, ananitazama.

"Mwalimu," kasema, "mzee akirudi akakuta mie ndiye niliyevunja, utamwambiaje?"

Saa nane na dakika arobaini na nne. Patasi imesimama juu ya kufuli. Nimemjibu kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Nitamwambia aliyevunja ni Gerrit, na Gerrit ni mie, gonga!"