Fulana Kumi na Moja Katika Falaji

Alhamisi, baada ya alasiri. Joto limepungua kidogo, upepo umeshuka kutoka mlimani na vumbi lake.

Nimetoka eda juzi. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, na nikidhani siku ya kutoka nitajiona mwepesi. Wapi! Nilifika mlangoni, nikaona pale pa viatu vya mume wangu Nassor pako patupu, nikarudi kukaa.

Leo nina jambo la kusema. Naliandika hapa kwanza kwa sababu hapa hakuna anayenitazama usoni.

Asubuhi alinipigia simu Salim. Salim ni katibu wa klabu ya mpira ya hapa kwetu Birkat al-Mauz, kijiji cha bara mbali na Maskati, na ni mtoto wa marehemu Khalfan, nahodha wa kwanza. Wanapaka rangi ukuta wa uwanja na wanataka kuandika juu yake historia ya klabu, vijana wajue walikotoka. Akanisomea alichokiandika. Ameandika vizuri, mtoto wa watu, lakini sentensi mbili zimenikaa kooni. Moja inasema kijani chetu kinatokana na Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, huu uliotuinamia. Ya pili inasema Mzee Nassor ndiye aliyesuuza fulana katika falaji, mfereji wetu wa maji, akayatia rangi maji ya kijiji kizima.

Zote mbili si kweli.

"Kama lipo la kurekebisha, Mama, niambie kabla ya magharibi," alisema. "Mwandishi wa ukuta anaanza Jumamosi."

Nikamwambia nitafikiri. Nafikiri nini, na mie jambo lenyewe nalijua miaka yote hii?

Nianze na kijani. Nassor alitoka Unguja kijana, akapata nafasi ya kwenda kusoma kilimo Java, akakaa huko miaka miwili. Alirudi na Kimalei cha kuombea chumvi, kikoi kimoja kizuri, na mapenzi ya klabu ya mpira ya mji wa bandari aliokaa. Historia ya klabu ile niliisikia mara nyingi kuliko historia ya ukoo wake. Waliianzisha makarani wa bandari na watu wa reli, wakati wa utawala wa Waholanzi, kwa sababu uwanja wa Waholanzi hawakuruhusiwa kuukanyaga. Wakasafisha konde la mpunga lililokwisha kuvunwa, wakacheza humo. Mmoja katoka kisiwa hiki, mwengine kile, kila mtu nyumbani ana lugha yake, na uwanjani wote Kimalei. Fulana zao zilikuwa za kijani kwa sababu siku waliyokwenda sokoni, kitambaa pekee kilichotosha watu kumi na moja kilikuwa cha kijani.

"Sasa wanasema ni rangi ya mpunga," Nassor alikuwa akicheka. "Uongo mtupu. Ni rangi ya kitambaa kilichobaki."

Lakini alikuwa akilisema hilo kwa fahari, kama mtu anayemtaja babu yake.

Tulihamia hapa katikati ya miaka ya sabini. Nassor alikuwa ametangulia kwa mwaka, ameajiriwa katika kilimo. Mie nilikuja baadaye, bibi harusi wa Unguja, sijui kukamua mbuzi wala kupanda ngazi za udongo. Wenyeji walitupokea kwa kahawa na tende, siwezi kusema vyengine. Lakini tulikuwa "Wazinjibari", watu waliotoka Unguja, na mpira ulikuwa hivyo hivyo: vijana wa kwetu na timu yao, vijana wenyeji na timu yao, na kiwanja ni kimoja, cha wenyeji. Nassor alikwenda kukiomba mara tatu. Mara tatu alijibiwa kwa adabu, na mara tatu hakupewa. Nyumba mbili za Wazinjibari zilikwisha kuhamia Maskati. Nassor alisema kama hata mpira hatuchezi pamoja, na sisi tutafuata.

Akafikiri kwamba wakiwa na fulana za rangi moja wataonekana timu. Akanunua fulana kumi na moja nyeupe katika soko la Nizwa, na pakiti za rangi ya kijani. "Wewe mama yako alikuwa akitia rangi ukili wa mikeka," akaniambia. "Kazi hii ni yako."

Kweli nilikuwa najua. Ukili unauchemsha na rangi, unautoa, unauanika, basi. Hakuna kusuuza. Nikazichemsha fulana vile vile katika sufuria kubwa, nikazianika, zikatoka kijani cha kupendeza. Ila nilipozishika mikono ikawa kijani. Nikasema, hizi zinataka maji ya kutosha.

Na maji yalikuwa yakipita mbele ya mlango wangu.

Asiyejua falaji ataona ni mfereji tu wa maji yanayotoka chini ya mlima. Lakini maji yale yana adabu yake. Juu kabisa watu wanateka ya kunywa. Kisha yanapita msikitini watu watawadhe. Kisha pa kuogea wanaume, kisha pa wanawake, kisha ndipo nguo na vyombo, na mwisho mitende na migomba. Kila mtoto wa hapa anajua. Mie nilikuwa na miezi mitatu hapa, na nyumba yetu ilikuwa upande wa juu, maji yanapopita kabla ya msikiti.

Nilizitia zote kumi na moja.

Ilikuwa karibu na adhuhuri, wanaume wako mashambani. Niliona maji yakienda kijani, nikayaona mazuri. Nakiri hilo pia. Nilikaa ukingoni nikiyatazama yanavyokwenda, kama mtoto.

Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Bi Rayya, jirani yetu, aliyekuwa chini akiosha sahani. Yeye aliwahi kukaa Unguja na Kiswahili chake kilikuwa kama chetu.

"Nyie huko juu! Kuna nani? Maji yameota majani!"

Nikazikusanya fulana nikakimbilia ndani. Sikutoka. Sikumjibu. Nilikaa nyuma ya mlango na mikono yangu ya kijani mpaka Nassor aliporudi, na hakuhitaji kuniuliza. Adhuhuri ile watu walikosa kutawadha msikitini mpaka maji yalipopita. Mzee mmoja aliyetangulia kutawadha alitoka na ndevu zake nyeupe zina kijani pembeni. Leo watu wanalicheka. Siku ile hakucheka mtu.

Jioni Nassor aliitwa katika sabla, ukumbi wa wanaume, mbele ya Shekhe Hamed, wakili wa falaji. Huyo ndiye msimamizi wa zamu za maji, na katika kijiji cha maji hakuna mkubwa kumshinda. Nassor alikwenda peke yake. Aliporudi akaniambia alichokisema.

"Nimewaambia ni mimi."

Nikalia. Nikamwambia kesho nitakwenda mwenyewe kwa mke wa Shekhe, nimweleze.

"Usende," akasema. "Mie wataniona mjinga, yatapita. Wewe kila siku unateka maji pale pale na wanawake wao. Macho yale utayaweza?"

Sikuyaweza. Nikanyamaza. Na kunyamaza ukikuanza leo, kesho ni rahisi zaidi.

Hukumu ya Shekhe ilikuwa hii: timu nzima ya Wazinjibari iingie katika falaji kusafisha, kutoka inapochomoza chini ya mlima mpaka msikitini. Watoe mchanga, mawe, mizizi. Wasipomaliza kwa siku tatu, kiwanja wasikitaje tena.

Siku ya kwanza walifanya vibaya mno. Makarani na walimu wa skuli, wana magoti laini. Khalfan, nahodha wa wenyeji, alikuja na wenzake wakakaa ukutani kutazama, kama waliokata tikiti.

"Ya Nassor! Hilo jembe au kalamu?"

"Kama unajua, shuka unionyeshe."

"Nishuke nikapakwe rangi?"

Wakacheka wote, wa juu na wa chini. Lakini siku ya pili kijana wa kwetu mmoja alikwama kwenye sehemu iliyofunikwa, akashikwa na hofu, na Khalfan aliruka na kanzu yake akamtoa. Akiwa amekwisha kurowa, hakuona haja ya kutoka. "Nyie mtatuvunjia falaji yetu," akasema, na wenzake wakashuka. Kuanzia hapo wenyeji walikuwa wakionyesha na wa kwetu wakibeba. Siku ya tatu Bi Rayya na mie tulipika. Walikula sinia mbili, na hakukuwa na sinia ya hawa na sinia ya wale.

Shekhe Hamed alikuja kukagua. Akaingiza mkono ndani ya maji, akayanywa. Kisha akasema kiwanja ni cha wote, kwa sharti moja: timu iwe moja. Hataki kesi mbili za mpira katika sabla yake.

Khalfan akauliza watavaa nini, maana wenyeji walikuwa hawana fulana, kila mtu akivaa alichonacho.

"Zipo za kijani," Nassor akasema.

"Hizo? Hizo zishasuuzwa na kijiji kizima, hazichuji tena!"

Ndivyo klabu yetu ilivyozaliwa. Wala si mlima. Ni zile fulana, kwa sababu ndizo zilizokuwepo.

Mechi ya kwanza tulikwenda Manah. Watazamaji wao walikuwa wamekwisha kupata habari, wakatupokea kwa kelele: "Wanywa rangi! Wanywa rangi!" Vijana wetu walishinda, na njia nzima ya kurudi nyuma ya gari walikuwa wakijiita wenyewe Wanywa rangi. Jina likabaki. Miaka ya themanini, tulipokwenda kucheza Nizwa mbele ya watu wengi, kabila na asili ya mchezaji hakuna aliyeijua. Walikuwa Wanywa rangi tu.

Ilikuwa katika miaka hiyo hiyo rafiki wa Nassor wa Java alipomletea barua na picha. Klabu yao imeingia ligi ya kulipwa, wachezaji wanapata mshahara, uwanja una taa. Nassor aliichukua barua mpaka kiwanjani, akawasomea vijana, akifasiri maneno aliyoyajua na kuyabuni asiyoyajua. "Hawa ni kaka zenu," aliwaambia. Hakuna aliyemuuliza vipi. Picha ile ilitundikwa katika chumba cha klabu kwa miaka mingi, watu wa Java kumi na moja wamesimama na fulana zao za kijani, na vijana wa hapa walikuwa wakiamkiana nayo wakiingia.

Nilikuwa mke wa mtu yule. Watu walimwita Mchafua Maji mpaka mvi zikamjaa, na kila alipoitwa aliitika. Mara moja tu nilimwambia, tulikwisha kuwa wazee, kwamba sasa tuseme. Akasema, "Kwa nini? Jina lenyewe nishalizoea."

Alinifichia siri kwa sababu nilikuwa mgeni. Sasa mie si mgeni. Nimezaa hapa watoto wanne, na nimemzika hapa.

Nilipofika hapo niliacha kuandika nikampigia Salim, nusu saa iliyopita.

Kijani nilikieleza kwanza, kwa kuwa ni rahisi. Alifurahi, akaniuliza jina la mji wa Java na namna ya kuliandika. Kisha nikamwambia la fulana.

"Subhanallah, Mama. Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo."

"Basi nitaandika 'mke wa Mzee Nassor'. Imekaa vizuri hivyo?"

Najua kwa nini aliuliza hivyo. Majina ya wanawake hapa hayaandikwi kwenye kuta. Alikuwa ananistahi, kama alivyolelewa.

"Andika Zuwena binti Masoud."

"Ukutani, Mama?"

"Ukutani. Na Nassor mwandikie kwamba alijisingizia kwa ajili ya mkewe, na falaji akaisafisha yeye."

"Wallahi watoto wa mpira watakuita Mama Mchafua Maji."

"Nitaitika."

Akacheka, na mie nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Halafu nikaogopa. Bado naogopa kidogo. Ijumaa wanawake watakuja kunitazama, na habari itakuwa imekwisha kutangulia. Watasema nini? Wengine mama zao walikuwepo chini ya msikiti siku ile, na ndoo zao.

Waje. Kahawa ipo.

Katika uwanja ule sijawahi kuingia hata siku moja. Jumamosi asubuhi nitamwambia binti yangu anipeleke, nisimame karibu na ukuta nimtazame mwandishi akiandika, nihakikishe la Nassor hakulikosea.