Swali la Kumi na Nne: Chagua Jibu Moja

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya Nairobi yasiyoamua kama ni mvua au ni umbea tu. Nimefika nyumbani Soweto West soksi zimelowa, hasira imekauka vizuri, inangoja kiberiti.

Anayetafuta utulivu aende blogu nyingine. Leo hapa hakuna.

Mwanafunzi wangu mmoja amefeli kwa alama moja. Anaitwa Mama Beryl, fundi wa nguo pale Laini Saba, cherehani yake iko hatua chache kutoka reli. Miezi sita sasa anafunga kibanda saa nane mchana, anakuja hadi Gatina kwenye senta ninakofundisha programu za kompyuta, anakaa mbele kabisa na daftari alilolivika jalada la kitambaa cha yunifomu. Wanaofaulu wanapelekwa ofisi moja ya watengeneza programu, wajifunze kazini miezi mitatu. Wanaofeli wanangoja mwaka ujao. Mama Beryl ana miaka thelathini na tisa, na ile ofisi haichukui mtu aliyefika arobaini.

Kwa hivyo kwake hakuna mwaka ujao.

Alama moja. Swali la kumi na nne. Lilikuwa kwa Kiingereza, nalileta hapa kwa lugha ya watu: Python ni lugha ya mtindo gani? Chagua jibu moja. A, hatua kwa hatua. B, mtindo wa vitu. C, mtindo wa funksheni.

Mwongozo wa kusahihisha unasema B.

Mama Beryl alizungushia duara A, B na C, halafu pembeni akaandika: "Mashine ni moja, mshono unategemea nguo."

Ikawekwa X nyekundu. X kubwa, ya mtu aliyeshiba.

Kwa wasio wa kazi hii, Python ni lugha ya kuiamuru kompyuta. Chukua rejista ya darasa. Unataka majina ya waliokosa zaidi ya siku tatu. Mtindo wa kwanza, unaielekeza kompyuta kama mgeni anayetafuta nyumba: anza juu, soma jina, hesabu siku, zikizidi tatu andika kando, nenda jina linalofuata. Mtindo wa pili, kila mwanafunzi anakuwa kitu kinachojijua. Ana jina lake, ana siku zake, na ukimuuliza kama amekosa sana anajibu mwenyewe, huna haja ya kumpekua mifuko. Mtindo wa tatu ni mashine ya kusaga unga. Orodha inaingia juu, majina unayotaka yanatoka chini, na mashine haijui nani alileta mahindi jana, wala haina haja ya kujua.

Python inakubali yote matatu, hata ndani ya faili moja, hata kabla ya chai ya saa nne.

Na haiko peke yake. JavaScript pia inakubali yote, ila ni kama ploti isiyo na caretaker. Funksheni zinapitishwa mkono kwa mkono tangu siku ya kwanza, vitu vinaundwa bila ramani, na mambo ya class, yaani hizo ramani, yalikuja baadaye kama rangi mpya kwenye mabati ya zamani. Java ilianza na msimamo mkali: ukitaka kusema hujambo tu, jenga nyumba kwanza, weka geti, ndipo usalimie. Miaka ikapita, ikaona wenzake wanatembea na funksheni ndogondogo zisizo na jina, ikaziingiza kwa mlango wa nyuma ikijifanya ilikuwa nazo siku zote. C++ inakupa kila kifaa, hata kile kitakachokukata kidole, na haikuulizi ulijifunzia wapi. Haskell ni kanisa lisilotaka ngoma. Funksheni, basi. Hata kuonyesha neno moja kwenye skrini kuna utaratibu wake. Naiheshimu sana, lakini siwezi kuabudu huko kila wiki.

Watu wanabishana mitandaoni kuhusu haya kama mashabiki wa mpira. Hii ni ya vitu! Hapana, ni ya funksheni! Mimi niliyejifunza kwa kompyuta ya cyber, nikisoma kurasa ambazo mteja aliyetangulia alisahau kufunga, nimeona jambo moja tu. Lugha hizi hazitofautiani sana kwa kile zinachokuruhusu. Zinatofautiana kwa mahali zinakokusukuma ukichoka. Ukichoka, Python inakurudisha kwenye hatua kwa hatua; zile funksheni zake zisizo na jina imezibana ziishe kwa usemi mmoja. Ukichoka, Java inakuacha na class arobaini na hujui iliyo na kazi ni ipi. Ukichoka, JavaScript inakuacha tu.

Hayo yote, aya nne nzima za majivuno yangu, Mama Beryl aliyaweka kwa maneno sita.

Saa nne asubuhi nilipanda ngazi kwa Mwalimu Karanja, mkuu wa mafunzo. Jengo ni la familia yao: chini bucha, katikati sisi, juu kanisa. Mtihani anatunga yeye na anasahihisha yeye. Mimi nafundisha, na mwisho natia sahihi kwenye karatasi ya matokeo kwamba nimeridhika. Bila sahihi hiyo, majina hayaendi ofisini.

"Madam Atieno! Karibu. Umekuja kusign?"

"Nimekuja na swali la kumi na nne."

Akacheka kwa furaha, kama nimemletea mandazi. "Hilo tena? Kila mwaka lazima kuwe na mmoja."

Nikafungua laptop nikaiandika rejista mara tatu, mitindo mitatu, mbele ya macho yake. Majina yakatoka yale yale mara tatu. Nikamgeuzia skrini. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Nilikuwa nimebeba hoja za kutosha harusi nzima.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Kwani mimi huandika na nini?"

Akafungua programu yake mwenyewe, ile inayoshughulikia rejista ya senta. Hatua kwa hatua juu, vitu katikati, funksheni chini, kila mtindo mahali pake. Imeandikwa vizuri. Niliichukia kwa jinsi ilivyoandikwa vizuri.

"Sasa mbona B, Mwalimu?"

"Karatasi imesema chagua moja. Mtu akichagua tatu, hajachagua. Nikimfungulia huyu mama leo, kesho hizo ngazi zitajaa watu na karatasi mkononi, kila mmoja na philosophy yake. Madam, kuna jibu la mtihani na kuna jibu la maisha. Wewe wafunze yote mawili, utaishi miaka mingi."

Mjinga unaweza kumsamehe. Unamfundisha, anaelewa, mnaenda nyumbani. Lakini huyu anajua. Anaijua kweli, anaitumia kila siku kazini, halafu akivaa miwani ya kusahihisha anaiwekea X. Hasira ya namna hii haina pa kukaa. Nimetembea nayo siku nzima kama mtu aliyebeba kioo cha kabati.

Nikiwa mlangoni akaniuliza, bila ubaya hata kidogo, "Na wale wengine kumi waliandika B vipi? Kwani uliwafunza wao peke yao?"

Nikashuka ngazi. Jibu nilikuwa nalo.

Hapa ndipo nimekaa tangu nivue viatu. Nimekunywa chai vikombe viwili ili nisifike kwenye aya hii.

Darasa letu lina kundi la WhatsApp. Wiki mbili kabla ya mtihani, mtu alituma picha ya mtihani wa mwaka jana, majibu yote yamewekwa tiki. Mwalimu Karanja hutumia mtihani ule ule kila mwaka. Ameuchapisha hadi herufi zimechoka, na hakuna asiyejua hilo. Wote kumi waliiona ile picha. Wote kumi walikariri B.

Mimi pia nimo kwenye hilo kundi. Niliiona. Nilipofika swali la kumi na nne, nilituma uso wa kucheka machozi.

Mama Beryl hayumo. Simu yake ni kabambe ya vitufe. Inapiga, inapokea, inamulika tochi. Kesho yake alikuja darasani, akakaa mbele, akafungua daftari. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, "Mama Beryl, hilo swali likija, wao wanataka B." Sentensi moja. Sikuisema.

Nimejaribu kujidanganya kwamba nilikuwa nalinda uaminifu wa mtihani. Uaminifu gani, na nimeshacheka machozi kwenye kundi? Ukweli ni kwamba nilitaka mwanafunzi mmoja ajibu kama mimi. Nilitaka Karanja akutane na jibu sahihi kwenye karatasi ya mtu mwingine, ashindwe pa kukimbilia, ajue nani anafundisha katika hilo jengo. Ubishi ulikuwa wangu. Alama zilikuwa za Mama Beryl.

Jioni nilipitia Laini Saba. Alikuwa anashona joho la kwaya, zambarau, limejaa kibanda kizima. Beryl mwenyewe alikuwa nje anajaza maji. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote, kuanzia picha hadi uso wa kucheka. Mguu wake haukutoka kwenye kanyagio hadi nilipomaliza.

"Yaani ulijua wanataka B."

"Nilijua."

Akakata uzi kwa meno. "Atieno, wewe ni mwerevu lakini una kichwa kama cha mbuzi wa soko. Mimi ningeandika B."

"Lakini si jibu..."

"Ningeandika B, niende kazi. Huko kazini ndiyo ningewashonea hizo mitindo zako zote tatu, na nne wakitaka. Sasa B imeenda, kazi imeenda, nimebaki na mwandiko mzuri pembeni ya karatasi. Hiyo nitavaa?"

Nikasema lile baya kuliko yote. "Pole, Mama Beryl. Nitakataa kutia sahihi. Kwa ajili yako."

Hapo ndipo alipokasirika kweli. Hadi wakati huo alikuwa ananionea huruma tu.

"Kwa ajili yangu? Mara ya kwanza pia ilikuwa kwa ajili yangu? Usinitumie tena, nyaminwa, dada yangu. Ulijua, sema ulijua. Hiyo ni yako. Mimi nina joho za watu, Jumapili wanaimba."

Akarudi kwenye mshono. Hakunifukuza, na hakuniambia nikae.

Nimetembea kurudi Soweto West nikirudia maneno yake. Kwenye ukuta wa senta kuna sheria kumi, Karanja alizichapisha mwenyewe. Ya saba inasema mtihani uliovuja unarudiwa na wote, kwa maswali mapya. Majina yanatakiwa ofisini mwisho wa mwezi, muda upo. Nikisema picha ilikuwepo na mimi niliiona, Karanja hana njia. Atalazimika kutunga mtihani mpya, jambo ambalo litamuuma kuliko kifo. Mama Beryl ataketi tena na wenzake. Na wale kumi waliofaulu watarudia kwa sababu yangu, watu niliocheka nao, watu ambao wameshawapigia mama zao huko Siaya na Vihiga kusema wamepita.

Mwalimu aliyeona mtihani umevuja akanyamaza naye atakuwa na sheria yake. Nadhani ni ya tisa. Sikuisoma vizuri; nilidhani ni ya watu wengine.

Siku nzima nimekasirikia swali linalomlazimisha mtu kuchagua jibu moja. Sasa nimekaa kitandani na jibu ni moja kweli, na silipendi.

Nimeandika kwenye kundi: "Kesho asubuhi namwambia Mwalimu Karanja kuhusu picha, na kwamba niliiona nikanyamaza. Sitataja aliyeituma. Mtarudia mtihani. Nitawafundisha Jumamosi na Jumapili, anayetaka aje, na safari hii nitawaambia vitu viwili: kilicho kweli, na kinachotakiwa kwenye karatasi. Mama Beryl atapata habari hizi saa hii hii mnayozipata nyinyi. Matusi tumeni, yako sawa."

Nimetuma. Halafu nimempigia Mama Beryl nikamsomea neno kwa neno. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya," akakata.

Wote kumi wameshasoma. Hakuna aliyeandika kitu, hata tusi. Saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye ngazi za Gatina, na sijui kama nitazishuka nikiwa bado mwalimu.