Kuku Mweusi wa Mama Mkwe

Mektilda, uko wapi? Siamini nilichomjibu mama mkwe sasa hivi.

Kaja na mganga kutoka Usoke. Mganga, mwenzangu, mchana kweupe, na kuku mweusi kamfunga miguu. Eti mvua ya mawe haikumaliza tumbaku yetu hivihivi, tumerogwa, kuku achinjwe shambani.

Mume wangu Vedasto kakaa tu, kainamisha kichwa.

Nikasema, "Mama, nakuheshimu. Tumbaku imeisha, Mungu hajaisha. Yeye ananitosha." Mbele ya mganga.

"Utamla huyo Mungu wako?" Ndivyo mama mkwe alivyoniuliza. Utamla huyo Mungu wako.

Kamtupa kuku mlangoni, wakaondoka.

Ndipo Vedasto akanyanyuka, akachukua kisu.

Wiki nzima tumekula ugali kwa mlenda. Leo kuku yuko jikoni. Njoo tule.