Maziwa Yangu na Sukari ya Virusi

Alhamisi, Ubwari. Mvua inanyesha tangu asubuhi na kichwa changu hakijatulia.

Jumatatu risasi zililia mjini Baraka, ninakoishi. Nilimbeba mwanangu Apendeki, ambaye bado ni mchanga, tukapanda boti hadi huku kwa yaya, dada yangu mkubwa. Dawa zangu za virusi vya ukimwi zilibaki nyumbani. Yaya hakujua kwamba ninazimeza.

Tangu siku hiyo nanyonyesha kwa woga.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na niliwahi kusoma jambo ambalo sasa linanisumbua. Baadhi ya chembe nyeupe za damu zina molekuli zinazoshika sukari, kama vidole. Zinashika sukari iliyo juu ya vijidudu na kuvipeleka kwenye matezi, ili mwili ujue wa kupigana naye. Lakini virusi vya ukimwi navyo vimefunikwa na sukari. Chembe inavishika, inavibeba hadi kwenye matezi, na huko ndiko ziliko chembe vinazozishambulia. Tena nilisoma kwamba maziwa ya mama yana sukari zinazoweza kuvijaza vidole hivyo, virusi vikakosa nafasi.

Kwa hiyo maziwa yangu yanampa ugonjwa, au yanamkinga?

Au yote mawili?

Leo asubuhi nilishindwa. Nilimnyima titi. Alilia hadi sauti ikakauka. Yaya akabandika uji.

“Mutoto anakufa na njaa, we unamwangalia tu,” akasema. “Iko nini?”

Nikamwambia kuhusu virusi na dawa.

Alitoa sufuria motoni, akachukua mwavuli, tukaenda wote kwenye kituo cha afya.

Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho. “Ile ya sukari mi sikuisoma, mama. Inaweza kuwa kweli, lakini maziwa peke yake haiwezi kumukinga. Rudilia dawa leo. Mutoto naye apate sirop yake, dawa ya maji ya kumukinga. Umunyonyeshe tu, bila uji, bila maji. Ukichanganya, tumbo yake inaumia, virusi vinapata njia.”

Akanipa vidonge na sirop ya mtoto. Nilimeza palepale, yaya akinishikia kikombe.

Nilidhani nikishauriwa nitatulia. Sasa Apendeki ananyonya, na kila anapomeza moyo wangu unashtuka. Atapimwa baadaye. Mpaka siku hiyo nitakuwa nafikiri nini?

Yaya amekaa karibu yangu.

“Ananyonya muzuri?”

“Ndiyo, yaya.”

“Basi umubadilishe upande.”

Nimembadilisha. Bado sijui.