Vumbi la Mwanzia

Jumatatu, 7 Januari 2008
Mfereji bado mkavu. Mikokoteni ya maji haifiki huku mtaani Gatina tangu vurugu za uchaguzi zianze, kwa hiyo tunachota kisimani, nyuma ya vyoo. Dawa ya maji imeisha madukani. Mafuta ya taa hakuna, makaa hayaingii mjini. Lakini ya nini wasiwasi—ndugu yangu Mwanzia ni msomi! Chuo kimefungwa, amekuja na kichupa cha vumbi jeusi. Kaboni, asema, vijibomba vyembamba kuliko unywele, vinanasa uchafu. Nikamwambia kama ni makaa, tuwashe jiko! Amenuna.

Jumanne, 8 Januari
Ametia vumbi ndooni. Wino mtupu! Eti kosa langu: niliisugua ndoo kwa Omo, na sabuni hulitawanya vumbi lisizame. Yaani usafi wangu ndio umechafua maji. Nimecheka hadi nikaketi chini.

Ijumaa, 11 Januari
Nabalayo wa mlango wa pili hanisalimii tangu mtu wa kwetu Ukambani apewe kiti katika serikali ambayo watu wa kwao wanaikataa. Kana kwamba nilimteua mimi! Mtoto wake anaharisha, namsikia akilia nyuma ya mabati. Naumia.

Mwanzia amebadilisha maji, akatia chumvi. Safari hii chembe zimeshikana, zikaanza kuzama. Nikamwambia: hata hizi zinajipanga kikabila. Hakucheka.

Jumamosi, 12 Januari
Maji meupe pe! Tangu asubuhi Mwanzia anaita wapangaji wa ploti nzima waje waone. Lakini mwenyewe hanywi. Nimembana, akanong'ona kuwa chembe zilizoshikana zimezama, ila ndogo zaidi huenda zimebaki, na hajui zitafanya nini tumboni. Ala! Baada ya majigambo yote hayo?

Mara hodi. Nabalayo, mtoto begani, kikombe mkononi.

"Kamene, nisaidie hiyo maji. Huyu mtoto anaisha."

Mwanzia akafunika ndoo kwa mikono miwili. "Hapana, mathe. Hii si ya kunywa."

"Si ya kunywa, ama si ya sisi?"

Nabalayo alimjibu yeye, akinitazama mimi. Nimeeleza—vumbi, chumvi, chembe—na kila neno lilisikika uongo. Nimevunja stuli, nikawasha moto, nikabandika maji ya kisimani. Ya matope! Naandika nikingoja yachemke. Mtoto amenyamaza. Nabalayo ameketi mlangoni, hatazami sufuria. Anatazama ndoo.