Rigila Nyuma ya Tangi

Munuki, Juba
Jumatano

Dada Achok mpendwa,

Pokea salamu zangu, nawe uwagawie wote hapo Eldoret, hata yule jirani mwenye kuku wasumbufu. Goti la mama linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Nimeandika kwa karatasi, na Abdijabar mwenye duka la hapa mbele atakuletea akija huko kuchukua mali, kwa sababu kwa simu nimezoea kukwambia kwamba mambo ni sawa.

Mvua zimeanza na joto limepungua kidogo. Kazi ya famasi inaendelea. Jioni wapangaji wenzangu hukaa uani wakipiga soga kwa Kiarabu cha Juba, nami hucheka wao wakishamaliza kucheka. Ulinitania uliposikia kwamba Jumamosi najitolea kufundisha watoto kulima, mimi niliyekuwa nikimkimbia mama akishika jembe. Lakini pale kwenye bustani ya shule nilimpata Goretti, mwenzangu wa kujitolea, aliyekulia Uganda. Kiswahili chake kimevunjikavunjika, lakini tulielewana. Tulikuwa tukigawana chapati kwenye kivuli cha tangi la maji na kuwasengenya wanaume wa mtaa mzima. Tangu nirudi huku tunakokuita nyumbani, ni yeye peke yake aliyewahi kuniuliza kama nimekula.

Mwezi uliopita watoto walipanda tuta lao wenyewe, la kwanza bila kuelekezwa, wawapikie wazazi siku ya kufunga shule. Siku walipopanda nilikuwa kitandani na homa. Nilipopona niliona niwafurahishe, niwapalilie kabla hawajafika. Nikaenda Ijumaa asubuhi, peke yangu.

Jumamosi watoto walikuta tuta tupu. Nyakuon, wa miaka kumi na mmoja, ambaye ndiye aliyeomba mbegu kwa bibi yake, alichuchumaa akalia kwa kwikwi. Wazazi wakasema ni mbuzi, na kwamba Goretti, mwenye ufunguo, aliacha geti wazi. Wakamuuliza ni nani aliyefungua Ijumaa. Aliniangalia mimi kwanza. Kisha akawajibu, "Mungu iko. Yeye naona." Akauweka ufunguo juu ya ndoo, akaenda zake. Jumamosi tatu sasa hajarudi.

Hakukuwa na mbuzi, dada. Ni mimi. Ufunguo aliniazima yeye mwenyewe Alhamisi jioni, nikamrudishia Ijumaa mchana. Angeweza kunitaja, hakunitaja. Alinisubiri niseme, nami nikaangalia viatu vyangu.

Unakumbuka lile gugu la majani manene na mashina mekundu, tulilokuwa tuking'oa kwenye mahindi ya mwenye nyumba tukiwatupia kuku? Huku ni mboga. Wanaiita rigila, inauzwa kwa mafungu sokoni Jebel, wanaipika na karanga za kusaga. Nilifikiri mbegu za watoto bado hazijaota, nikang'oa kila kitu, tena huku naimba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hawakunipa, nililishika mwenyewe. Nilishindwa kusema kwa sababu niliona aibu kuitwa mgeni kwetu. Sasa hawaniiti mgeni, na sina hata mtu mmoja.

Na rigila haifi, nimejifunza. Ile niliyong'oa niliitupa nyuma ya tangi. Mvua imenyesha, imeshika mizizi, imenenepa kuliko ilivyokuwa tutani. Kila Jumamosi mimi hukaa pale pale tulipokuwa tukila chapati, ili watoto wasipite nyuma wakaiona. Nakula peke yangu, nikilinda uongo wangu. Nimechoka, dada.

Jumamosi hii nitawaita wote nyuma ya tangi niwaonyeshe, wazazi wakiwapo. Lakini kesho naenda kwanza mtaa wa Hai Mauna, nyumbani kwa Goretti. Nitabeba chapati mbili. Sijui kama atanifungulia.

Mwambie mama namwombea goti lipoe, na rigila nimeshajua kuipika. Bado sijapata wa kula naye.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nyandeng