Mistari ya Mnarani

Efeso, mwezi wa kuvuna zabibu, siku ya nne

Kwa dada Melita,
Shikamoo. Magoti yanasemaje huko Samo? Mimi mzima, koo tu limechakaa kama kiatu cha mpagazi. Dada, nimeitwa kwenye shindano la waimba tenzi! Mimi na shule tuliachana mapema, lakini utenzi wa kuanguka kwa mji wa Troya ninao wote kichwani. Waliosoma wanakuja kuniuliza mimi. Nitaimba moto, nitaimba mnara, na kile kichanga, mjukuu wa mfalme, kinachotupwa na maadui kutoka juu: hapo watu hupiga makofi mpaka mbwa wanakimbia. Njoo usikie.
Mdogo wako, Evagora

Samo, siku ya kumi na moja

Mdogo wangu,
Marahaba. Magoti ni yaleyale. Nitakuja, ila ile mistari ya mnarani iruke. Mji wetu ulipochomwa, wewe ulikuwa ugenini unawaimbia walevi; mimi nilikuwa ukutani na mwanangu mikononi, maadui wakamchukua. Sijawahi kukuomba kitu.
Dada yako

Efeso, siku ya ishirini na tatu

Dada,
Shikamoo, na pole na safari. Mbona uliondoka bila kuniaga? Nilikutafuta mpaka kwa wauza samaki.
Kanuni yetu ni moja: unaanzia alipoishia mwenzako, na mwamuzi ameshika gombo lenye utenzi wote, ukiruka mstari, umetoka. Nilianza vizuri, acha nijisifu. Nilipofika mnarani nikakuona safu ya tatu. Nikairuka mistari. Mwamuzi akagonga fimbo: “We Evagora, mtoto umempeleka wapi?” Uwanja mzima ukaangua kicheko. Taji kachukua bwege mmoja wa kisiwa cha Kio, anaimba kama mbuzi mwenye mafua. Si neno. Ila nimechoka, dada. Niandikie.
Mdogo wako

Samo, mwezi wa kupanda, siku ya pili

Mdogo wangu,
Marahaba. Nimechelewa kukujibu. Hukunikosea, ulifanya nilichokuomba. Lakini mwamuzi alipouliza mtoto yuko wapi, watu wakacheka, nilitaka kusimama nimjibu, badala yake nikaondoka bila kukuaga. Miaka kumi na minane nimeiruka mistari hiyo mimi mwenyewe. Hata wewe, mjomba wake, sikukutajia jina.
Ukiitwa tena, iimbe. Usiiharakishe. Wakishangilia, nyamaza mpaka waone haya.
Aliitwa Nikia. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukaa.
Dada yako, Melita